Nyota ya pembe sita

nyota ya pembe sita nm [i-/zi-] 1. umbo la nyota lenye ncha sita, linalopatikana pembetatu mbili zinapopandana, moja ikielekeza kilele juu na nyingine chini. 2. alama ya kidini, ya kitaifa au ya kinga inayotumia umbo hilo. *Pia:* nyota ya ncha sita. *Majina ya pekee:* Nyota ya Daudi, Ngao ya Daudi, Muhuri wa Suleimani, shatkona.

Matini nyingi za Kiswahili huliita umbo hili Nyota ya Daudi bila kuuliza limeonekana wapi. Jina hilo ni sahihi pale umbo linapokuwa la Wayahudi au la watu waliolichukua kwao. Likitumiwa kwa umbo lililochorwa kwenye karatasi ya hirizi, kwenye hekalu la Kihindu au kwenye bendera ya Burundi, mfasiri anakuwa amempa mtu dini asiyokuwa nayo. Kosa hilo halihusu istilahi peke yake. Mahali ambapo alama huchukuliwa kuwa ushahidi wa imani, na wakati mwingine kuwa ushahidi wa uchawi, jina la alama huamua jinsi mwenye alama atakavyotazamwa na majirani zake.

Makala haya yanaeleza maana za umbo hilo katika dini na tamaduni mbalimbali, maneno ya Kiswahili yanayokaribiana nalo, na namna ya kuchagua jina linalofaa. Baadhi ya mifano imetolewa Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, pamoja na Mikumi, mji ulio ndani ya wilaya hiyo. Eneo hilo lilipitiwa na njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia bonde la Mto Mkondoa, kisha Reli ya Kati, kisha barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Waislamu, Wakristo wa madhehebu mengi, wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, wafugaji, na wenyeji Wasagara, Wakaguru na Wavidunda wameishi humo kwa jirani. Ni mahali panapofaa kuonyesha kwamba alama moja huweza kusomwa na watu wengi kwa namna nyingi.

1. Umbo lenyewe

Mtu akifunga kamba kwenye kigingi na kuchora duara mchangani, kisha akapima urefu uleule wa kamba kwenye mzingo wa duara, atapata nukta sita zilizoachana kwa nafasi sawa. Akiunganisha nukta ya kwanza, ya tatu na ya tano anapata pembetatu. Akiunganisha ya pili, ya nne na ya sita anapata pembetatu nyingine iliyopinduka. Nyota imekamilika, na katikati yake imebaki pembesita.

Wepesi huo wa kuchora ndio unaoeleza kwa nini umbo hili limeonekana kwa watu ambao hawakupata kukutana. Seremala, mfinyanzi, mjenzi na mwandishi wa vitabu wanaweza kulifikia kila mmoja peke yake. Kwa hiyo kufanana kwa umbo si ushahidi wa kuazimana, wala si ushahidi wa imani moja.

Maneno matatu yatenganishwe. Pembetatu ni umbo lenye pande tatu. Pembesita ni umbo lenye pande sita, kama tundu la sega la nyuki. Nyota ya pembe sita ina pembetatu mbili zilizopandana na ncha sita zinazotokeza nje. Neno *pembe* lenyewe hubeba maana ya kona na maana ya pembe ya mnyama. Katika matini inayohusu hifadhi ya wanyamapori kama ya Mikumi, ambako pembe huweza kuwa ya ndovu, *nyota ya ncha sita* huondoa utata.

2. Maneno ya jamii moja

alama nm [i-/zi-]. Neno pana kuliko yote katika kundi hili, lenye asili ya Kiarabu. Hutaja chochote kinachowekwa ili kitambulishe, kikumbushe au kionye. Mfano mzuri upo barabarani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa takriban kilomita 50. Dereva hukutana na pembetatu yenye ukingo mwekundu, kilele kikiwa juu, na ndani yake picha ya mnyama: hilo ni onyo. Pembetatu ikipinduliwa, kilele kikiwa chini, humtaka dereva apishe magari ya barabara anayoingia. Kilichobadilika ni mkao wa umbo na makubaliano ya wanaolisoma. Kanuni hiyohiyo hutawala alama takatifu.

ishara nm [i-/zi-]. Kitu au kitendo kinachoelekeza kwenye jambo jingine. Mkristo hufanya *ishara ya msalaba* kwa mkono. Msalaba wa mbao uliosimama juu ya kanisa ni *alama*. Mawingu ni *ishara* ya mvua, si alama yake, kwa kuwa hakuna aliyeyaweka.

nembo nm [i-/zi-]. Kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilieleza neno hili kuwa ni chanjo za ngozi zinazotambulisha kabila, na Wamakonde wamejulikana kwa chanjo za namna hiyo. Leo nembo ni ya taifa, chama, shule au kampuni. Neno limehama kutoka usoni mwa mtu hadi kwenye karatasi ya ofisi, lakini kazi yake haijabadilika: linasema mtu au kitu ni cha nani.

chapa nm [i-/zi-]. Alama inayorudiwa kwa kugandamizwa. Wafugaji hupiga ng'ombe chapa ya moto. Kiwanda hupiga bidhaa chapa. Alama takatifu haiitwi chapa isipokuwa kwa kejeli, au pale matini yenyewe inapozungumzia kitabu cha Ufunuo, ambamo *chapa* na *alama* za mnyama hutumika kwa maana mbaya.

muhuri nm [u-/i-]. Chombo cha kutia alama ya mamlaka, na alama yenyewe. Anayeweka muhuri anadai amri au umiliki, na maana hiyo imo katika jina Muhuri wa Suleimani.

hirizi nm [i-/zi-] na talasimu nm [i-/zi-]. Hirizi ni kitu kinachovaliwa au kuwekwa ili kukinga, mara nyingi karatasi yenye maandishi iliyoshonewa ndani ya ngozi au kitambaa. Talasimu ni maandishi au mchoro wenyewe unaodhaniwa kuwa na nguvu. Neno limetoka katika Kiarabu, ambacho kililipata kutoka Kigiriki. Hirizi inaweza kubeba talasimu, lakini si kila hirizi ina talasimu: nyingine ina aya za Kurani pekee, nyingine ina mizizi.

3. Wenye umbo na majina yao

*Nyota ya Daudi.* Kwa Kiebrania huitwa Magen David, maana yake halisi ikiwa ni Ngao ya Daudi. Biblia haitaji umbo hili mahali popote. Nyota ya Mathayo sura ya 2, iliyowaongoza mamajusi, haikutajwa idadi ya ncha zake. Alama ya kale zaidi ya Wayahudi ni kinara cha taa saba. Nyota yenye ncha sita ilitumika kwa karne nyingi kama pambo: hati maarufu ya Biblia ya Kiebrania iliyoandikwa Cairo mwaka 1008 ina ukurasa uliopambwa kwa umbo hilo. Jumuiya ya Wayahudi wa Prague ililiweka kwenye bendera yao, na taratibu likaenea Ulaya kama alama ya jamii nzima. Mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel mwaka 1897 ulilipa nafasi ya kisiasa, na bendera ya Israeli ililiidhinisha Oktoba 1948. Nembo ya nchi hiyo, tofauti na bendera, hubeba kinara.

Kati ya matukio hayo mawili Wanazi waliwalazimisha Wayahudi kuvaa nyota ya manjano kwenye nguo. Nchini Ujerumani amri hiyo ilianza Septemba 1941. Alama ambayo watu walijichagulia ilifanywa chapa ya kuwatenga kabla ya kuwaua. Mwalimu anayefundisha habari hiyo atumie *Nyota ya Daudi*. Kusema *nyota ya pembe sita* mahali hapo kungeficha ni nani aliyelengwa.

Afrika Mashariki ina Wayahudi wenyeji: Abayudaya wa eneo la Mbale, Uganda, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Nyota iliyo kwenye sinagogi lao ni Nyota ya Daudi. Vilevile baadhi ya makanisa ya Kipentekoste ya ukanda huu hutundika bendera ya Israeli au kuchora nyota yake, kwa sababu waumini wanajiona warithi wa ahadi za Israeli. Hapo pia jina ni Nyota ya Daudi, ingawa waliolichukua si Wayahudi.

*Muhuri wa Suleimani.* Katika simulizi za Kiislamu, na katika simulizi za Kiyahudi na za Kikristo zilizotangulia, Nabii Suleimani alikuwa na pete iliyompa amri juu ya majini. Kurani inaeleza kwamba majini na upepo vilitiishwa kwake, lakini haitaji pete wala nyota. Umbo lililodhaniwa kuchongwa kwenye pete hiyo lina ncha sita katika vitabu vingine na ncha tano katika vingine. Ndiyo maana nyota ya kijani ya bendera ya Moroko, yenye ncha tano, nayo huitwa Muhuri wa Suleimani. Mfasiri asidhani kwamba jina hilo peke yake linamwambia idadi ya ncha, atazame mchoro.

Umbo hilo limepamba majengo na bendera za watawala Waislamu bila kuhusishwa na Wayahudi. Kaburi la mfalme Humayun mjini Delhi, la karne ya 16, lina nyota za pembe sita kwenye kuta zake. Katika vitabu vya talasimu, hasa vile vinavyonasibishwa na al-Buni wa karne ya 13, nyota hutangulia mfululizo wa alama saba. Elimu hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na vitabu vya Kiarabu na ikasafiri bara na misafara. Wapo wanazuoni wanaoipinga kabisa wakiiona ni ushirikina, na wapo wanaoruhusu hirizi yenye aya za Kurani pekee. Matini ya Kiswahili isiwafanye Waislamu wote wawe upande mmoja.

*Shatkona.* Neno la Kisanskriti: *shat* ni sita, *kona* ni pembe. Kufanana kwake na neno *kona* la Kiswahili, lililotokana na Kiingereza, ni sadfa. Kwa Wahindu pembetatu inayoelekea juu husomwa kama Shiva, nguvu ya kiume. Inayoelekea chini kama Shakti, nguvu ya kike. Kupandana kwake ni muungano wao. Alama nyingine ya Kihindu inayohitaji uangalifu uleule ni swastika, ambayo kwa asili ni alama ya heri. Wafanyabiashara wengi Wahindu huichora kwenye vitabu vya hesabu vipya wakati wa Diwali. Wanazi waliitumia kwa bendera yao, na watu waliojifunza historia ya Ulaya pekee huiona kwenye mlango wa duka wakashtuka bila sababu.

*Nyota za Burundi.* Bendera ya Burundi ina nyota tatu nyekundu zenye ncha sita na kingo za kijani, ndani ya duara jeupe. Zimekuwapo tangu mwaka 1967 na zinasimamia maneno matatu ya kaulimbiu ya taifa: Umoja, Kazi, Maendeleo. Wengi huzisoma pia kama Wahutu, Watutsi na Watwa. Hazimtaji Daudi wala Suleimani. Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki huu ndio mfano ulio karibu zaidi wa nyota ya pembe sita isiyo ya dini yoyote.

4. Heksagramu: neno moja, vitu viwili

Lugha za Ulaya zina neno moja lililoundwa kwa Kigiriki, *heksagramu*, linalotumika kwa vitu viwili tofauti. La kwanza ni nyota ya pembe sita. La pili ni mchoro wa Kichina wenye mistari sita iliyopangwa moja juu ya nyingine, kila mstari ukiwa mzima au umekatika katikati. Michoro hiyo ndiyo msingi wa kitabu cha kale cha Yi Jing, kinachotumika kwa tafakuri na kwa kutazamia. Kwa kuwa kila mstari una hali mbili, mistari sita hutoa michoro 64. Haina ncha, haina pembetatu, wala haihusiani na nyota.

Mfasiri anayekutana na *heksagramu* katika matini ya Kichina asiandike *nyota*. Aandike *mchoro wa mistari sita*, au *heksagramu ya Yi Jing* akifafanua mara ya kwanza.

Msomaji wa Kiswahili anao mlango wa karibu wa kuielewa michoro hiyo, nao ni ramli. Neno hili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga, kwa kuwa mpiga ramli wa kale alitia nukta mchangani. Kila umbo la ramli lina safu nne, na kila safu ina nukta moja au mbili. Kwa hiyo yapo maumbo 16. Hesabu ni ileile ya Yi Jing, isipokuwa safu ni nne badala ya sita. Ulinganisho huu ni wa utaratibu tu: mafundisho, vitabu na historia ya mifumo hiyo miwili ni mbali na mbali.

5. Alama na wasomaji wake: Kilosa

Katika Wilaya ya Kilosa upo mfano unaojulikana na kila mwanafunzi wa historia ya Tanzania. Tarehe 29 Novemba 1884, Carl Peters alifanya mkataba na Mangungo wa Msowero, Usagara. Karatasi iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo Mangungo hakuisoma. Kwa Peters, ridhaa iliyowekwa kwenye karatasi hiyo ilimaanisha kukabidhi nchi. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi kwa msingi wa mikataba ya namna hiyo. Leo *mkataba wa Mangungo* ni msemo wa Kiswahili unaotaja makubaliano ambayo upande mmoja haukuyaelewa. Msemo huo una somo kwa kila anayetafsiri alama: maana ya alama haimo kwenye wino, na mwenye uwezo wa kuitangaza maana yake anaweza kumnyang'anya mwenziwe.

Dini za maandishi ziliingia eneo hilo kwa njia mbalimbali. Uislamu ulipanda na misafara. Wamisionari wa Kianglikana walikaa Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, kabla ya utawala wa Kijerumani. Mmoja wao, J. T. Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Kwa hiyo msalaba, mwezi na nyota, na baadaye alama za Kihindu zilikuja kukaa pamoja katika miji ya reli.

Alama za wenyeji zilikuwa za namna nyingine, na aghalabu wageni hawakuziona kwa sababu hazikuchorwa. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeandika mwaka 1961 juu ya mkono wa kulia na wa kushoto kwa Wakaguru, alionyesha kwamba kulia kulihusishwa na uanaume na kushoto na uanamke, na kwamba mgawanyo huo ulipanga mambo mengi ya maisha. Wazo la pande mbili zinazopingana na kutegemeana, ambalo Wahindu hulichora kwa pembetatu mbili, hapa lilibebwa na mikono ya mtu. Tambiko kaburini, kwa pombe na unga, nalo lina alama zake: mahali, mkono, kitu kinachomwagwa. Mwandishi anayetafuta *alama takatifu* za Kilosa kwa kutazama michoro pekee atahitimisha kimakosa kwamba wenyeji hawakuwa nazo.

6. Nyota kama bahati, na hatari ya jina

Katika Kiswahili cha Tanzania *nyota* hutaja pia bahati au mvuto wa mtu. Husemwa mtu *ana nyota ya kupendwa*, *nyota yake imefifia*, au *ameibiwa nyota*. Na waganga hutangaza kazi ya *kusafisha nyota*. Maana hii imetokana na unajimu, elimu ya kutazamia kwa sayari, wala haihusiani na umbo lenye ncha sita. Hata hivyo maana hizo mbili hukutana kichwani mwa msomaji. Nyota iliyochorwa kwenye karatasi iliyokunjwa huweza kueleweka kuwa nyota ya mtu fulani iliyofungwa.

Hofu ya namna hiyo ina uzito. Sheria ya Uchawi ya Tanzania, Sura ya 18, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1928, inagusa pia umiliki wa vifaa vya uchawi. Upande mwingine, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inatambua kazi ya waganga wa tiba asili. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Tangu hapo msemo ramli chonganishi, yaani ramli inayomtaja jirani au ndugu kuwa chanzo cha maradhi au kifo, umezoeleka katika taarifa za polisi na magazeti. Kivumishi hicho ni muhimu: hutenganisha ramli inayochochea chuki na ramli kwa jumla. Mfasiri asikiache.

Uvumi juu ya *Frimasoni* ni mfano mwingine. Katika mazungumzo ya mitaani jina hilo limebandikwa karibu kila jicho, piramidi na nyota inayoonekana kwenye tangazo au nguo ya msanii. Alama kuu ya Wamasoni wenyewe ni bikari na guni, yaani kifaa cha kuchorea duara na kile cha seremala cha kupimia pembe mraba. Chama hicho hakikuwa siri kiasi hicho nchini: Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, alizungumzia uanachama wake hadharani hadi alipofariki mwaka 2017.

Mfano wa darasani unaonyesha nguvu ya jina. Chukua kwamba karatasi yenye nyota ya pembe sita na maandishi ya Kiarabu imekutwa chini ya kizingiti cha nyumba mjini Mikumi, na taarifa yake inatafsiriwa kwa ajili ya baraza. Sentensi nne zinawezekana:

- *Ilikutwa karatasi yenye Nyota ya Daudi.* Inaingiza Uyahudi au Ukristo usiokuwapo.
- *Ilikutwa hirizi.* Inadai kujua kazi ya karatasi, yaani kinga.
- *Ilikutwa kifaa cha uchawi.* Inatoa hukumu kabla ya baraza.
- *Ilikutwa karatasi yenye mchoro wa nyota ya pembe sita na maandishi ya Kiarabu.* Inataja kilichoonekana.

Sentensi ya nne ndiyo ya mfasiri. Nyingine tatu ni za shahidi, wa mtaalamu au wa baraza, na kila mmoja atawajibika kwa maneno yake. Ikiwa shahidi mwenyewe amesema *hirizi*, mfasiri ataandika *hirizi* kwa kuwa ndilo neno la msemaji. Hatalipandisha kuwa *uchawi* wala kulishusha kuwa *karatasi*.

7. Kuchagua jina

Maswali matatu hutosha katika hali nyingi. Nani aliiweka alama? Iko mahali gani? Inafanya kazi gani: kutambulisha, kupamba, kukinga au kuonya? Majibu yakipatikana, jina la pekee litumike bila kusita. Yasipopatikana, umbo litajwe kwa umbo lake.

Sinagogini, kwenye bendera ya Israeli, katika historia ya mauaji ya Wayahudi, na kanisani ambako waumini wenyewe huiita hivyo: *Nyota ya Daudi*. Katika talasimu na simulizi za pete: *Muhuri wa Suleimani*, kwa kutaja idadi ya ncha. Katika matini za Kihindu: *shatkona*, na maelezo mara ya kwanza. Kwenye bendera ya Burundi, pambo la ukuta, au mahali ambapo mwenyewe hajulikani: *nyota ya pembe sita*.

Herufi kubwa hufuata kanuni hiyohiyo. *Nyota ya Daudi* na *Muhuri wa Suleimani* huanza kwa herufi kubwa kwa kuwa ni majina ya pekee. *Nyota ya pembe sita* na *shatkona* huandikwa kwa herufi ndogo. Katika matini za Kiislamu majina huwa *Daudi* na *Suleimani* yakitanguliwa na *Nabii*. Katika Biblia za Kiprotestanti aghalabu ni *Sulemani*. Mfasiri afuate tahajia ya jamii anayoiandikia na asiichanganye ndani ya matini moja.

8. Mifano ya matumizi

- Fundi alichonga nyota ya pembe sita juu ya mlango kwa sababu ilikuwa rahisi kuigawa kwa bikari.
- Mwalimu wa Kilosa aliwataka wanafunzi wachore pembesita kwanza, kisha warefushe pande zake mpaka zikutane; nyota ikatokea.
- Wayahudi wa Ujerumani walilazimishwa kuvaa Nyota ya Daudi ya manjano.
- Kitabu hicho cha talasimu kinaanza na Muhuri wa Suleimani wenye ncha tano.
- Nyota tatu za bendera ya Burundi zinasimamia umoja, kazi na maendeleo.
- Mzee alisema nyota yake imefifia. Hakuwa akizungumzia mchoro wowote.
- Polisi walionya dhidi ya ramli chonganishi.

*Tazama pia:* alama, hirizi, ishara, kombe, msalaba, muhuri, mwezi, nembo, pembesita, ramli, talasimu, tambiko, unajimu.